Gari la Kupanda Mawe

Somoe mwanangu,

Barua hii naiandika alasiri ya Ijumaa, wewe uko Ziwani unaaga wazee. Nitakupa ukirudi, na nakuomba uisome kabla hujalala. Usiitie kwenye begi ukasema utaisoma ndani ya basi, maana huko itakuwa haina kazi tena. Habari za kuficha hela, za kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, za kuweka limau mfukoni usije ukatapika njiani, sikuandikii. Hizo umeshaambiwa na kila mwanamke wa Rahaleo mwenye mdomo, na shangazi yako amezirudia mara tatu. Dodoma ni mji kama Mtwara yetu. Utafika, utalala, utaamka, utasomea huo ufundi wa magari ulioutaka.

Mimi nataka tuzungumze habari ya lile gari la rimoti.

Usigune. Najua ulisema yamekwisha, tena ulisema mbele ya watu. Kwangu mimi hayajaisha, na kwa vile nyumba hii ni yangu, nina haki ya kuyafufua.

Jumapili mbili zilizopita ulirudi kutoka pwani ya Shangani mchanga umekujaa mpaka magotini, hukunawa, hukukaa, ukaanza kunisimulia. Umeona gari dogo, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na mwenyewe ni fundi Deo, yule kijana wa Moshi anayefanya kazi kwenye mitambo ya gesi Madimba. Ukasema halikimbii, linatambaa. Linapanda mawe ya pwani, kila gurudumu linatafuta pake, na matairi yake ni laini mpaka yanalikumbatia jiwe. Ukasema fundi Deo amehamishwa kazi, anaondoka Jumamosi hii mchana, na analiuza. Mimi namenya mihogo, nasema ehe, ehe. Ukasema hela yako ya korosho, ile ya mikorosho yako kule Ziwani, ukitoa nauli na mahitaji ya chuo inabaki ya kutosha. Kisha ukaniuliza, "Mama, ninunue au niache?"

Nikakujibu, tutaona. Mtu mzima akisema tutaona ujue ameogopa. Nilijua tangu siku ile kwamba wenye maneno watakuwa wengi, na nilitaka waanze wao.

Wakaanza. Jumanne tulikaa kikao cha kukuaga, mjomba wako Bakari kwenye kiti, sisi wengine mkekani. Kwetu mtoto ni wa mjomba, hilo nimezaliwa nikalikuta na sina ugomvi nalo. Hata baba yako, nilipompigia simu huko ng'ambo ya Ruvuma anakouza samaki wakavu, nikamweleza habari ya gari, alinijibu kamuulizeni mjomba wake, akakata. Salio lake fupi na maneno yake mafupi. Basi kaka Bakari akasema, na akisema huwa hana haraka. Alitaja godoro, alitaja ndoo, alitaja blanketi maana Dodoma kuna baridi ya usiku. Yote ya kweli. Halafu akafika alikokuwa anakwenda. "Mtu aliyetoka unyago harudi kwenye vitu vya watoto," alisema. "Akirudi, wanaochekwa ni waliomfunda."

Alipokuwa anasema hivyo hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Kila aliyekuwa mkekani pale anajua kwamba mimi ni kungwi, kwamba mabinti wa mtaa huu wakiwekwa ndani mimi ni mmoja wa wanaowafunda, na kwamba wewe nilikufunda kwa mkono wangu.

Wewe ukainamisha macho, ukakusanya mikono magotini, ukasema, "Sawa mjomba, naacha." Sauti ya chini, haitetemeki, haina kinyongo. Wanawake wakatazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mwingine angejisikia yuko peponi. Mimi sikufurahi, kwa sababu ile sauti naijua, niliitengeneza mwenyewe, nilikaa nayo wiki nzima unyagoni mpaka ikakaa sawa. Na bado sikusema neno. Nilizungusha sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, wakala, wakashiba, wakaenda zao.

Sasa nikwambie kwa nini nilinyamaza. Hili sijawahi kulisema kwa mtu, na nalisema leo kwa sababu kesho unaondoka na mimi sitaki ubaki nalo peke yako.

Ulikuwa na miaka kumi. Ulitengeneza gari. Bodi lilikuwa kopo la mafuta ya kula, magurudumu ulikata kandambili zangu za bluu, tena zilikuwa nzima, na nilikuchapa kwa ajili ya hizo kandambili. Watoto wote wa mtaani walikuwa na magari ya makopo. La kwako lilikuwa na kitu kimoja ambacho yale mengine hayakuwa nacho. Vile vijiti vya magurudumu hukuvifunga moja kwa moja kwenye kopo. Ulivifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili gurudumu moja likipanda jiwe, yale matatu yabaki yamekanyaga chini. Nilikuuliza nani amekufundisha. Ukasema hakuna, ulichoka kuliona linapinduka. Nilisimama mlangoni nikakutazama unalivuta juu ya mawe ya msingi wa nyumba, na wallahi nilikuwa najisikia fahari, nikaificha, kwa sababu nilidhani mama akionyesha fahari mtoto anaharibika.

Desemba ile ukachezwa unyago. Ya ndani hayaandikwi na wewe unayajua. Ulitoka na khanga mpya, mwamvuli juu, wanawake wanapiga vigelegele mtaa mzima, na mimi nalia. Nikuweke sawa hapa, mwanangu, usije ukafika mjini ukakutana na wanaosema unyago ni takataka ukadhani mama yako amejiunga nao. Wamekuja hapa na semina zao, na nilibishana nao kwenye ofisi ya kata mpaka afisa akaomba tunywe maji kwanza. Ndani ya unyago nilifundishwa kuosha maiti, kumpokea mtoto, kuufunga mdomo, na saa ya kuufungua. Sioni haya. Yako mambo yaliyokuwa ya kuachwa na tumeyaacha wenyewe, hakuna aliyetushikia fimbo.

Lakini mila yenyewe, Somoe, inasemaje kuhusu vitu vya utoto? Inasema vigawiwe wadogo. Binti akitoka, kidoli chake, kamba yake, kopo lake, vinachukuliwa na watoto wa jirani, maisha yanaendelea. Mila ilisema ligawiwe. Mimi nililichoma.

Nililipeleka nyuma ya jiko, kwenye moto wa maji ya kuoga wageni, nikalisukumiza ndani kwa mguu. Mwaka ule ndio ulikuwa wangu wa kwanza kwenye kazi. Bi Mwanaisha, nyakanga wetu, mkubwa wa makungwi wote wa upande huu na ndiye aliyenifunda mimi, alikuwa amenichukua juzi tu, na wako waliosema ni mdogo, hajui kitu. Nilitaka waone kwamba wangu mimi amekua kweli, hatakutwa kibarazani anamtazama mtoto mwingine anavuta gari lake. Nilichoma kwa ajili ya macho ya wanawake. Ule mpira ulinuka mpaka magharibi. Wewe ulitoka nje, ukatazama moto, ukanitazama mimi, hukuuliza. Ukawaamkia wageni, ukaanza kukusanya vikombe. Na mimi nikamgeukia Bi Mwanaisha nikamwambia, umemuona?

Nilijisifu kwa hilo. Miaka tisa najikumbuka nimesimama pale najisifu, na linaniuma kuliko moto wenyewe. Nisamehe, Somoe. Sina maneno mengine ya kulipamba.

Ndiyo maana Jumanne nilinyamaza. Kaka Bakari alipokuwa anasema, nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe.

Na kaka Bakari mwenyewe si mtu mbaya, usimchukie. Ana tabia moja tu, kwamba anayajua yanayowafaa watu kuliko wenyewe. Nilipokuwa na miaka kama yako, korosho zilikubali vizuri sana mwaka mmoja, nikataka kununua baiskeli. Nilishaiona dukani, nyeusi, ina kengele. Akaniita akaniambia mwanamke aliyekwisha kuposwa hapandi baiskeli, anunue kitanda. Nikanunua kitanda. Kitanda chenyewe unakijua, ni kile kilicholiwa na mchwa tukakipasua kuni. Msimu uliofuata baiskeli akanunua yeye, nyeusi, ina kengele, akawa ananipakia nyuma kunipeleka shamba. Nilikaa kwenye kale kakeria miaka mitano nikitazama mgongo wake. Nilikuwa namshukuru kwa lifti.

Basi Jumatano, wewe umekwenda kushonesha sare, nilijifunga khanga yangu nikamfuata fundi Deo pwani.

Usidhani nilikwenda kununua. Nilikwenda kulitafutia kasoro, nirudi na moyo mweupe nikwambie mjomba wako ana haki. Maji yalikuwa yamekupwa, mawe yote yako wazi, wanawake wanaokota chaza. Nikamwambia fundi, mimi ni mama Somoe, nataka unieleze ubovu wa hilo gari kabla ya uzuri wake. Kijana yule ni mkweli. Alisema mota imechoka kidogo. Alisema kile kidude cha kukatia kona kiliwahi kuingia maji ya chumvi akakibadilisha. Betri ziko mbili, moja nzima, moja mgonjwa. Vipuri havipatikani Mtwara, ni kuagiza na kusubiri. Nikajisemea, haya, jibu ndilo hilo, geuka uende nyumbani.

Halafu akaliweka chini.

Somoe, lilipopanda jiwe la kwanza nilishika mdomo. Gurudumu la mbele lilikwenda juu, juu kabisa, mpaka nikasema sasa linabinuka, na yale matatu yamekanyaga chini hayana habari. Fundi akanionyesha shokapu, akanionyesha ekseli zinavyopinda kila moja kivyake, akadhani anamfundisha mwanamke wa kijijini kitu kigeni. Nilikuwa nalitazama lile kopo la mafuta. Hao waliolitengeneza kiwandani wana mashine na wana shule. Wewe ulikuwa na mpira wa baiskeli na miaka kumi, na mimi nikawa na kiberiti.

Nililia pale. Fundi Deo akadhani nimeumwa na kitu.

Nikamuuliza swali moja la mwisho. Nikamuuliza, wewe ni mtu mzima, una kazi ya maana, hiki kitu unakifanyia nini? Akafikiri. "Kazini naangalia geji kutwa nzima, mama Somoe," alisema. "Jioni nakuja hapa nacheka. Sababu nyingine sina, na sijaitafuta."

Jibu hilo limenikaa. Maana nilikuwa nimeshakupangia la kumwambia mjomba wako. Nilitaka umwambie kwamba gari lile litakusaidia masomo, kwamba lina difu, lina gia, lina shokapu, na walimu watafurahi. Ni kweli yote hayo, na angekubali, angeona anakununulia kitabu. Nikaona huo nao ni uoga, uoga tu uliovaa miwani. Kitu ukikipenda, mwanangu, usikitafutie cheti. Mimi kila nilichokipenda nilikitafutia cheti kwanza, na vingi vilikwisha mikononi mwangu nikingoja muhuri.

Fundi akanipa rimoti. Imekaa kama bastola, ina kitu cha kuvuta kwa kidole na kiusukani kidogo pembeni. Nikavuta kwa nguvu zote, gari likaruka, likalala chali magurudumu yanazunguka hewani. Akalisimamisha. Nikalipindua tena. Mara ya tatu akaniambia, "Taratibu, mama. Hili halishindwi na jiwe, linashindwa na haraka." Mara ya nne nikavuta kidogo, kidogo sana, nikalingoja. Likateleza, likashika, likateleza, likashika. Likafika juu ya jiwe. Nilipiga kigelegele, mtu mzima mimi, pwani, mchana kweupe, na wale waokota chaza wote wakainua vichwa.

Mmoja wao ni mpwa wa Bi Mwanaisha. Sikulifikiria hilo wakati ule, na hata ningelifikiria ningepiga tu.

Alhamisi asubuhi nikaitwa. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kitandani, miguu inamsumbua siku hizi, akaniambia nikae karibu. Hakufoka. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema kweli. Akaniuliza kama nimemkuta Somoe analia nyumbani ndiyo nikachanganyikiwa, nikasema Somoe halii, na ndilo linalonitisha. Akaniambia akina mama watakaoleta mabinti wao mwaka huu watamuuliza yeye, huyo kungwi wako anayecheza na magari atamfundisha nini mwanangu? Nikamwambia nitamfundisha yote aliyonifundisha yeye, pamoja na kwamba ana ruhusa ya kufurahi akikua. Akavuta shuka akafunika miguu. Kisha akasema, "Asumini, Desemba hii tutacheza ngoma na wewe au bila wewe?"

Alinipa mlango wa kutokea. Ningesema nimekosa, ningesema lile gari sitaligusa tena, angenishika mkono yakaisha. Nilimuangalia uso wake, huyu mwanamke aliyenishika siku nakuzaa wewe. "Kama sharti ndilo hilo, bibi," nilimwambia, "basi bila mimi."

Akaniambia kikapu cha kazi nikakilete kesho. Leo asubuhi nimekipeleka, shanga zake na vibuyu vyake na kila kitu, nimekiweka mlangoni kwake. Imeniuma, sikudanganyi. Miaka tisa nimebeba kikapu kile. Desemba ngoma zitalia na mimi nitakuwa humu ndani nazisikia, na nitajua kila pigo linamaanisha nini, na hakuna atakayeniita. Nimelia barabara nzima kurudi. Lakini nilipojiuliza kama nirudi nikalichukue, miguu haikugeuka. Nilishakuwa kungwi wa watoto wa watu. Mama yako nilikuwa bado sijawa sawasawa.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa fundi Deo nikanunua gari.

Kwa hela yangu. Ya kwako iko palepale ulipoiacha, usije ukasikia mtu anasema Somoe amekula nauli. Nimelinunua la kwangu mimi, Asumini, mwenye magoti yanayolia na wajukuu anaowasubiri. Kama ningekununulia wewe wangesema nimekudekeza, na wewe ungesema mama nilishaacha, ukalirudisha kwa adabu ile ile niliyokufundisha. Nakujua. Kwa hiyo sikukupa nafasi ya kulikataa. Liko chini ya kitanda changu, limefunikwa khanga, betri nzima inachaji.

Mchana wanaume walipokwenda swala ya Ijumaa nililitoa nje. Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga. Nikaliendesha kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye korongo mbele ya nyumba ya mjomba wako, pale mvua ilipochimba, wanapoangukia bodaboda. Mpaka ukingoni nimefika vizuri. Nikajaribu kulivusha. Likapinduka. Nikashuka nikalitoa, nikajaribu tena kwa upande wa mawe makubwa, likapinduka. Mara ya tatu lilibaki limening'inia kwa gurudumu moja kama mbuzi aliyejisahau, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kulivusha korongo lile sijui. Nadhani wewe unajua. Nadhani ulijua njia yake tangu Jumapili ile ulipokuja na mchanga magotini, na ndiyo maana ulishindwa kunawa.

Mjomba wako alitoka msikitini akaja hapa hapa, na kanzu yake. Hakukaa.

"Nasikia umenunua," alisema.

"Nimenunua."

"La mtoto?"

"La kwangu, kaka."

"Kwa umri huo, Asumini?"

"Ndio nilionao."

Akatazama ukuta, akatazama dari, akaniambia nimetupa heshima niliyoijenga miaka yote kwa kitu cha plastiki. Nikamwambia heshima yangu nilikuwa naitunza kwa kuunguza vya mwanangu, na kwamba nikiwa na miaka kumi na tisa alininyima baiskeli, na kwamba nampenda, ni kaka yangu, atanizika au nitamzika, lakini siku ya leo hanipangii. Sijawahi kumwambia maneno yale maishani mwangu. Nilitegemea paa lianguke. Akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, je, Somoe anajua? Nikasema atajua usiku huu.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Basi ni saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili tutatoka hapa, ndugu wote watakuwa wamefika, na bajaji itatungoja kwenye lami. Mimi nitatangulia, gari liko chini, rimoti mkononi. Wewe na begi lako nyuma yangu, na wengine wote nyuma yako. Halina mbio, kwa hiyo hatutaachana. Nitakwenda hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa korongo, na pale nitasimama.

Nitanyoosha mkono wenye rimoti. Sitageuka kukutazama, maana nakujua, ukiyaona machozi yangu utaipokea kwa kunihurumia, na kwa kunihurumia siitaki. Ukinipita, umenipita. Nitaliokota gari langu nitalibeba kwapani, nitakusindikiza mpaka stendi, nitakupungia mpaka basi lipotee, na moyo wangu hautakuwa na donge. Jioni nitarudi kwenye korongo kujifunza, na wanaotaka kucheka wacheke mpaka mbavu ziwaume, mimi ndiyo nimeanza. Lakini ukiipokea, gari ni lako, unakwenda nalo Dodoma, na kabla hujaondoka unalivusha. Usifanye haraka kwa ajili ya basi. Dereva wa bajaji atapiga honi, na mwenye tiketi ni wewe.

Mjomba wako nimemwambia asije hapa nyumbani asubuhi. Nimemwambia asimame ng'ambo ya korongo, palepale litakapotokea, ili asije akasema alisimuliwa.

Mama yako,
Asumini